Nesi Zamda na Hesabu ya Maji

Zamda Mwinjuma alikuwa na miaka hamsini na mbili alipokosea kusoma mstari mmoja wa jedwali, na kosa hilo ndilo lililomrudisha darasani.

Alikuwa mkunga wa zahanati ya Kikunguni, kisiwa kidogo cha delta ya Rufiji kilichozungukwa na mikoko pande zote. Alikuwa amekaa pale miaka ishirini na mitatu, na baadhi ya mabinti aliowapokea kwa mikono yake walikuwa wameshaanza kuja kliniki na mimba zao. Wote walimwita Nesi, wakubwa kwa wadogo.

Kutoka Kikunguni kwenda hospitali ya Kibiti lazima kwanza upande boti, upite mkondo mwembamba mpaka Nyamisati, ndipo ushike gari. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hujaa mpaka yakagusa matawi ya mikoko, na boti hupita bila wasiwasi. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Maji hupanda kidogo tu kisha hurudi, na pale katikati ya mkondo, penye fungu la tope, boti yenye injini na watu haipiti.

Ndiyo maana kila mjamzito mwenye dalili za hatari ilibidi aondoke na bamvua ya kabla ya tarehe zake, akasubiri Kibiti kwenye nyumba ya wajawazito. Kupanga nani aondoke siku gani ilikuwa kazi ya Zamda. Alikuwa na jedwali la maji lenye tarakimu ndogo kama chawa, kalenda ya ukutani, na daftari lenye majina ya wajawazito wa vitongoji saba. Alikuwa akiweka rula chini ya mstari, anasoma tarehe, anahamia kwenye kalenda, anarudi kwenye daftari. Asubuhi nzima ilikwenda hivyo, huku wagonjwa wamejipanga barazani.

Mwezi wa tatu rula iliteleza. Zamda akasoma mstari wa chini badala ya wa juu, na Yasmin, binti wa mimba ya kwanza aliyekuwa amevimba miguu, akaandikiwa bamvua ya baadaye, ambayo haikuwa yake. Uchungu ulimkuta kijijini, siku ya maji mafu, saa tatu asubuhi. Dulla, dereva wa boti ya zahanati, alijitahidi kadiri ya uwezo wake. Walifika kwenye fungu la tope, boti ikakaa. Walikaa pale saa tano juani, Dulla ameshika kanga juu yao kama hema, Zamda amepiga magoti kwenye mbao. Mtoto alitoka mzima. Mama yake alipoteza damu nyingi mpaka midomo ikawa rangi ya majivu, na Zamda alimkanda tumbo bila kusita, akimsemesha ili asilale, mpaka damu ikapungua na maji yakapanda kiasi cha kuinasua boti.

Yasmin alipona. Wiki mbili baadaye alikuja na mtoto kwenye chanjo, akamletea Nesi mkungu wa ndizi, akashukuru sana. Zamda alipokea ndizi zile kwa tabasamu, kisha akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango, akalia. Alikuwa ameshalirudia lile jedwali. Alijua rula iliteleza wapi.

*

Mwezi wa sita, kwenye kikao cha wauguzi mjini Kibiti, lilitolewa tangazo kwamba kuna mafunzo ya kuandika programu za kompyuta, kila Jumamosi, katika darasa la shule moja ya sekondari. Watu wazima wanaruhusiwa. Wenzake walicheka, wakaendelea na chai. Zamda akainuka akaenda kujiandikisha.

Jumamosi ya kwanza alifika amevaa baibui lake jeusi, mkononi ana laptopu kuukuu aliyoletewa na binti yake Mwantum kutoka Dar es Salaam. Mlangoni alikutana na kijana mmoja mrefu aitwaye Mudy.

"Shikamoo mama. Wazazi wanasubiri kule kwenye benchi."

"Marahaba. Mie si mzazi, mie mwanafunzi."

Mudy akaangalia laptopu, akaangalia baibui, akampisha. Ndani kulikuwa na vijana kumi na wanane. Wa kumi na tisa alikuwa Zamda. Mwalimu, Faraja, msichana wa Utete asiyezidi miaka ishirini na minane, alimsogezea kiti cha mbele bila kuuliza chochote, na kwa hilo tu Zamda alimpenda.

Siku ile walijifunza kuiambia kompyuta iandike jina la mtu. Zamda aliandika, akabonyeza, na maandishi mekundu ya Kiingereza yakamwagika kwenye kioo. Vijana wote walikuwa wameshamaliza. Faraja aliinama, akanyoosha kidole.

"Mama, umesahau kufunga mabano."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Sasa mbona imefoka namna hii?"

Darasa likaangua kicheko, na Zamda akacheka nao. Alipofunga mabano, jina lake lilitokea: Zamda Mwinjuma, safi kabisa. Akalitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma maneno mawili.

Nyumbani alijipangia. Kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla wagonjwa hawajaanza kufika, alikaa nusu saa na mashine yake, iliyochajiwa kwa sola ya zahanati. Nusu saa, si zaidi, hata kama mambo yamemnogea. Na alianzisha daftari alilolipa jina la Makosa. Kila kosa lililompata aliliandika humo kwa Kiswahili, na pembeni yake dawa iliyoliponya. Nukta mbili zimesahauliwa mwisho wa mstari. Nafasi nne hazikuachwa. Jina limeanza kwa herufi kubwa hapa na kwa herufi ndogo kule. Aliyaandika kama alivyokuwa akiandika dalili za mgonjwa, na kosa lililowahi kuandikwa humo halikumtisha tena likirudi.

Kufika mwezi wa tisa alikuwa na programu yake ya kwanza yenye maana. Alikuwa ameingiza jedwali la maji la mwaka mzima, tarakimu kwa tarakimu, na mara hii kila ukurasa aliukagua mara tatu. Ukiiandikia tarehe, ilikujibu maji yatajaa saa ngapi na yatapanda kiasi gani. Ilikuwa haina urembo wowote, na bado ilikuwa mbali mno na kile alichokitaka.

Kisha ikaja kampeni ya chanjo ya surua. Jumamosi tatu mfululizo Zamda alizunguka vitongojini na boksi la barafu begani. Aliporudi darasani alikuta wenzake wameshakwenda mbali. Faraja alikuwa anafundisha jambo ambalo hata jina lake hakulielewa, vijana wanaitikia, vidole vinakimbia. Zamda alikaa saa nzima akinakili vitu asivyovijua. Mudy alimgeukia, bila ubaya wowote, akamwambia, "Bi mkubwa, usijitese. Kuna watu wa kukuandikia hiyo kitu."

Maneno yale ndiyo yaliyommaliza. Kama angetukanwa, angejibu. Alichoambiwa kilikuwa kama pole ya msibani.

Alirudi Kikunguni, akaiviringisha laptopu kwenye foronya, akaipandisha juu ya kabati, akarudi kwenye rula yake na jedwali lake. Wiki zikapita sita.

*

Mumewe, Nurdini, alikuwa mtu wa kaa. Kazi yake kutega madema, mitego ya kunasia kaa, kwenye mizizi ya mikoko, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Asubuhi moja, wakinywa chai, aliangalia juu ya kabati.

"Mama Mwantum, ile mashine imekufa?"

"Haijafa. Nimechoka mie."

"Aa."

Akanywa chai yake mpaka chini. Kisha akasema, "Kesho nataka kutega upande wa pili, kule mbali. Sitaki kurudi natembea kwenye tope. Hebu iulize maji yanajaa saa ngapi."

"Baba Mwantum, wewe unayajua maji tangu hujaota meno."

"Nayajua. Nataka kuona kama nayo inayajua."

Alijua anachokozwa, lakini aliinuka akaishusha. Ilichukua muda kuwaka. Akaandika tarehe, na jibu likaja: 15:10.

Nurdini akainama kutazama. "Kumi na tano ndiyo saa ngapi hiyo?"

"Saa tisa na dakika kumi, alasiri."

"Mbona haisemi hivyo?"

Kesho yake Nurdini alirudi na tenga limejaa kaa, suruali kavu, na kabla hajatua mzigo alisema, "Saa tisa na dakika kumi. Kama ilivyosema." Siku iliyofuata aliuliza tena. Na iliyofuata. Baada ya wiki alikuja na jirani yake, mtega kaa mwenzake, naye akauliza. Zamda alijikuta kila alfajiri anafungua mashine kwa sababu kuna watu wawili wanataka jibu kabla hawajatoka. Hakuna aliyekuwa anamsubiri darasani. Hapa kuna watu wanamsubiri.

Alipanda juu ya mnara wa tangi la maji, mahali pekee zahanati nzima penye mtandao wa uhakika, akampigia Faraja.

"Mwalimu, mie sitawafikia wale vijana. Nisikudanganye. Lakini nina kazi moja ninayotaka kuimaliza. Nikija Jumamosi, unaweza kunifundisha kile tu ambacho kazi yangu inakitaka?"

"Mama, mie nilikuwa nasubiri uniambie hivyo. Njoo na hiyo kazi. Tutaanzia hapo ulipo."

Jambo la kwanza lilikuwa lile la Nurdini: mashine iseme saa kama wanavyosema watu. Zamda aliona ni jepesi. Kumi na tano toa sita ni tisa. Aliandika mstari mmoja wa kutoa sita, akajaribu, ikamwambia saa tisa. Akashangilia. Akajaribu maji ya alfajiri, na mashine ikaandika bila haya yoyote: Maji yatajaa saa -3 usiku.

Nurdini alicheka mpaka akamwaga chai. "Saa kutoa tatu! Hiyo saa nitaamka vipi?"

Zamda alihangaika nayo siku nne. Akirekebisha za alfajiri, za jioni zinaharibika. Saa moja ya usiku ikawa saa kumi na tatu. Daftari la Makosa lilijaa kurasa mbili kwa saa peke yake. Siku ya tano alikuwa anasafisha vyombo vya kujifungulia, macho yake yamekaa kwenye saa ya ukutani, akauona mshale mdogo unapita kwenye kumi na mbili kwenda kwenye moja. Akaacha kusugua. Saa ni duara. Ukivuka kumi na mbili unarudi kwenye moja, na ukirudi nyuma ya moja unaikuta kumi na mbili. Tarakimu za mashine zilikuwa zimenyooka kama barabara ya Ndundu, hazijui kuzunguka. Inabidi azipinde yeye.

Hakusubiri alfajiri. Alifuta mikono, akaandika masharti mawili: ikishuka chini ya moja, ongeza kumi na mbili, ikipita kumi na mbili, toa kumi na mbili. Akajaribu saa tatu ya mashine. Saa tisa usiku. Akajaribu kumi na tisa. Saa moja usiku. Akajaribu sifuri. Saa sita usiku.

Vigelegele alivyopiga viliwatoa wagonjwa barazani. Dulla alikuja mbio kutoka kwenye boti akidhani kuna aliyejifungua.

"Mtoto gani, Nesi?"

"Wa kwangu!" alisema Zamda, na hakueleza zaidi.

*

Tangu hapo kila Jumamosi alifika Kibiti na swali moja lililoandikwa kwenye karatasi, na kila Jumamosi alirudi na jibu lake. Aliiongezea programu jedwali la maji la mwaka mpya. Aliifundisha majina ya wajawazito. Aliifundisha tarehe zao. Aliifundisha kipimo cha maji ambacho Dulla alimtajia, kile ambacho chini yake boti haipiti kwenye fungu la tope. Kisha akafanya jambo ambalo wale vijana kumi na wanane, pamoja na wepesi wao wote, wasingeweza kulifanya. Alifungua madaftari ya miaka ishirini na mitatu ya kazi yake, akatafuta mapacha wote aliowahudumia, akaona kwamba wengi walikuja wiki tatu nzima kabla ya tarehe. Akaiandikia programu: mwenye mapacha, rudisha tarehe nyuma wiki tatu, ndipo utafute bamvua.

Mwezi wa tano mwaka uliofuata, miezi kumi na moja tangu siku ya benchi la wazazi, aliiendesha kwa mara ya kwanza ikiwa kamili. Wajawazito arobaini na mmoja. Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Jina la juu kabisa lilikuwa la Johari, mke wa Saidy, mwenye mapacha: Aondoke Alhamisi hii, saa tisa alasiri.

Zamda alichukua rula na jedwali, akahesabu kwa mkono kama zamani. Kwa hesabu ya zamani, iliyomtazama kila mama kwa kipimo kimoja, Johari alikuwa wa bamvua nyingine, wiki mbili mbele. Alikaa akizitazama karatasi mbili zile. Kisha akavaa ushungi akaenda kwa kina Saidy.

Mama mkwe wa Johari, Bi Hafsa, alikuwa anasuka ukili barazani, na hakuacha kusuka.

"Tarehe yake bado mwezi mzima, Nesi. Aende akakae Kibiti kufanya nini?"

"Asubiri. Maji ya Alhamisi yanampitisha. Yakishaondoka, hakuna maji mpaka wiki mbili."

"Na nani kasema watoto watakuja humo katikati?"

"Hesabu ya kwenye mashine."

"Mashine!" Bi Hafsa akatua ukili. "Mashine inamjua mtoto atatoka lini?"

"Haimjui mtoto, bibi. Inayajua maji, na inawajua mapacha wote niliowahi kuwazalisha hapa. Watoto wakija maji hayapo, mie na hii mikono yangu miwili hatutatosha. Uliona ya Yasmin."

Kikongwe akamtazama kwa makini. "Hiyo mashine kaiandika nani? Watu wa serikali?"

"Nimeiandika mie."

"Wewe? Wewe Zamda?"

"Mie mwenyewe. Miezi kumi na moja."

Bi Hafsa akamwita mwanawe aliyekuwa uani. "Saidy! Mkusanyie mkeo nguo. Anaondoka Alhamisi."

Siku ya nane baada ya Alhamisi ile, saa nne asubuhi, simu ya Zamda iliita. Alipanda ngazi za tangi mbio, baibui kalishika mkononi. Alikuwa Saidy, kutoka Kibiti, sauti yake inapanda na kushuka.

"Nesi! Uchungu ulimshika alfajiri, wamempasua, wametoka wawili! Wa kike na wa kiume! Na mama yao mzima, anaomba uji!"

Zamda akageuka kutazama chini. Kutoka kule juu aliuona mkondo wote. Maji ya siku ile yalikuwa yamefika mwisho wa kujaa kwake, na bado fungu la tope lilikuwa wazi, jeusi, kaa wanatembea juu yake. Hakuna boti ambayo ingepita. Alikaa kwenye ngazi ya chuma, akashika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema alhamdulillahi mara nyingi asizozihesabu.

*

Kufunga mafunzo, Faraja alimwomba aionyeshe kazi yake mbele ya darasa na wageni wa wilaya. Zamda aliieleza kwa dakika kumi, bila neno gumu hata moja. Alipomaliza, aliuliza kama kuna mwenye swali. Ndipo Mudy akasimama.

"Mama, naomba kuuliza. Ile saa umeipindaje? Mie nimetengeneza programu ya ratiba za mpira, inaniletea mechi za saa kutoa mbili. Wiki ya tatu hii nahangaika."

Ukumbi ukacheka, Mudy mwenyewe akacheka kuliko wote. Zamda akachukua chaki, akachora duara ubaoni, akamwita mbele. Alimwelekeza taratibu, mpaka Mudy akapiga kelele, "Ahaa!" na ukumbi mzima ukapiga makofi wima. Faraja alikuwa nyuma kabisa, anajifuta macho na ncha ya mtandio.

Kabla mwaka haujaisha, wakunga wa zahanati nyingine nne za delta walikuwa wanaitumia programu ile, na aliyewafundisha ni Zamda, siku mbili, kwenye chumba cha kliniki cha Kikunguni. Mmoja wao, mwenye miaka arobaini na saba, alipoona maandishi mekundu kwa mara ya kwanza alisukuma mashine mbali. "Mie umri umenipita, dada." Zamda akamwekea daftari tupu mkononi. "Liandike hilo kosa. Andika na dawa yake. Kesho likija utalisalimia." Mwenzake akacheka, akaandika.

Na siku moja ya bamvua kubwa, listi ilitoa majina sita kwa mpigo. Walifika gatini mchana, matumbo mbele, na mikeka, na chupa za chai, na kuku wawili waliofungwa miguu, na mashangazi wa kuwasindikiza. Dulla aliwapanga mmoja mmoja kwa uangalifu kama anayepanga mayai. Maji yalikuwa yamepanda mpaka kwenye mbao za gati. Mashangazi walianza kuimba, wa kwenye boti wakaitikia, na ikawa kama watu wanasindikiza bibi harusi sita kwa mara moja.

"Nesi!" Dulla aliita, mkono kwenye injini. "Saa ngapi?"

Zamda hakuangalia simu.

"Saa tisa na robo! Maji tele! Nenda!"

Injini ikanguruma, na boti ikapita juu ya fungu la tope bila kuligusa.